Jirani Asiyeuliza

Mtu asiyeuliza maswali mimi simwamini. Nalisema mapema ili msije mkanilaumu mbele ya safari. Kwetu Korogwe ukikutana na mtu njiani utamuuliza za atokako, za watoto, za mgonjwa wake, naye atakuuliza zako, hata kama nyote wawili mna haraka. Asiyeuliza ana lake jambo. Na huyu jirani yangu wa hapa Hagsätra, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, alikaa miaka bila kuniuliza hata jina.

Jina lake silitaji. Mwenyewe hakuliandika mlangoni, kwa nini niliandike mimi? Huku Uswidi kila mlango una jina la ukoo juu ya tundu la barua, ukipanda ngazi unasoma jengo zima. Mlango wa huyu mama ulikuwa na jina la mzee mmoja wa Kiswidi aliyehamia kaskazini kwa mwanawe zamani, akafia huko. Mwanangu Saumu aliwahi kumwambia kwamba kibao kipya hakina gharama, akitaka atamsaidia kukiagiza. Akajibu kwamba kilichopo hakijaharibika. Sasa mtu anayekaa chini ya jina la marehemu asiyemhusu, wewe utamfikiriaje?

Halafu kulikuwa na ile hirizi. Niliiona siku moja mlango ulipokuwa wazi: kikasha chembamba, urefu wa kidole, kimepigiliwa upandeupande kwenye mwimo, kwa ndani. Kabla ya kutoka alikigusa kwa vidole, akavibusu vidole, ndipo akatoka. Nikamwambia Saumu, huyu mwanamke ana hirizi mlangoni. Saumu akacheka. Akasema hao ni Wayahudi, mle ndani mna maandiko yao, kila nyumba yao inacho, na kawaida hukaa nje ya mlango watu wakaona.

"Sasa mbona chake kiko ndani?" nikamuuliza.

Nilisoma Ayatul Kursiy mlangoni pangu, nikafunga.

Kazi yake kabla ya kustaafu ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Hakuwa daktari. Alikaa chumba cha nyuma na taa na vichongeo vidogo, akichonga meno ya watu ambao hakuwaona sura. Kazi hiyo ilimwachia tabia mbaya ya kukutazama mdomoni. Unaongea naye, macho yake yako kwenye meno yako, unajisikia kama ng'ombe wa mnadani. Alikuwa na msemo kwamba macho hujifunza kudanganya lakini meno hayasomi. Akimwona mtu ametabasamu kwenye televisheni atasema, huyu analala amebana taya, ana hofu. Na mara nyingi alikuwa sahihi, jambo ambalo lilinifanya nizidi kujihadhari.

Msemo wake mwingine, aliousema hata pale usipohitajika, ulikuwa huu: asiyeuliza hapati jibu baya. Fundi akija kurekebisha bomba haulizi lina nini. Daktari akimpa dawa haulizi ni ya nini. Majirani wengine walimpenda kwa hilo. Walisema mama yule hana udaku, hakuulizi umetoka wapi wala utarudi lini, maswali ambayo sisi watu weusi tunaulizwa huku mpaka yanatuchosha. Mimi nilisema, hakuulizi kwa sababu hataki kuulizwa.

Kisha nikamjua binti yake.

Nilikuwa napanda ngazi na mfuko wa mihogo kutoka Rinkeby, kwenye maduka ya Waafrika, nikapitwa na mwanamke wa makamo, sura ya Kikorea, nywele nyeusi zimekatwa fupi, amevaa sare za waendesha treni. Akanisalimu vizuri. Alipofika juu nikamsikia akiita mlangoni, mama, ni mimi. Na yule jirani yangu, mweupe, mwenye pua ndefu na nywele za mvi zilizosokotana, akafungua na kumkumbatia.

Nilisimama pale na mihogo yangu. Nilijisemea, haya, leo nimejua unachoficha.

Msinielewe vibaya. Kulea nakujua. Mimi nimelelewa na mama mdogo, na nimelea watoto wawili wa ndugu yangu. Lakini kwetu mtoto wa kulea huitwa kwa jina la baba yake. Unamlisha, unamsomesha, unamchapa akikosea, na akiuliza kwao ni wapi unamwonyesha njia. Humchukui ng'ambo ya dunia ukampa jina lako, dini yako na bibi zako waliokufa, kana kwamba aliota kwenye chungu cha maua. Huyu binti aliitwa Mariamu kwa matamshi yao, na kwa vile hilo ni jina letu pia, nikamwita hivyohivyo. Lakini kila nikimwita nilikuwa najiuliza, huko alikozaliwa aliitwa nani? Na aliyemzaa yuko wapi?

Mwenzangu mmoja anayekaa Norsborg, Mkongo, tuliyejuana darasa la Kiswidi la wageni, nilipomsimulia alishika mdomo. Akaniambia, "Maman, attention na ule mama. Mtu alizoea kubeba batoto ya benzake, hawezi kuacha." Mnajua tunavyoogopa huku. Kila mmoja wetu amesikia habari ya familia iliyogongewa mlango na watu wa ustawi wa jamii, watoto wakachukuliwa. Kwa hiyo siku jirani alipomwambia Saumu kwamba akiwa na zamu anaweza kuwaangalia wajukuu zangu, mimi ndiye niliyejibu. Nikasema wana bibi yao. Akanitazama mdomoni, akasema sawa, akafunga mlango. Hakuuliza kwa nini.

Tulikuwa tukikutana kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo. Kila nyumba ina kikufuli chake unachokichomeka kwenye ubao kushika siku na saa, na watu wamegombana mpaka kununiana kwa ajili ya saa hizo. Yeye kamwe hakuchomeka Jumamosi. Ndiyo Sabato yao, hafui, hapigi pasi. Lakini binti yake alikuwa akiendesha treni Jumamosi nzima, mstari wa kijani unaoishia hapa kwetu, na mama alikuwa akisimama kwenye roshani kuona treni yake ikiingia. Nilimuuliza inakuwaje, wewe sabuni hushiki, mwanao anaendesha garimoshi? Akasema hajawahi kumuuliza.

Chakula nacho kilikuwa hivyohivyo. Alikuwa na vyombo vya nyama mbali na vyombo vya maziwa mbali, hata sifongo za kuoshea zilikuwa na rangi tofauti. Dukani tulikuwa tukisimama sote wawili mbele ya soseji tukisoma maandishi ya nyuma kama mahakimu, kila mmoja akitafuta nguruwe. Nyama yangu hakula. Nyama yake nami sikula. Saumu aliniambia sheikh amesema ya kwao inafaa, nikamwambia basi ale sheikh. Samaki tulikula pamoja. Nilimpikia wa nazi, lakini kwanza alitaka aone magamba. Nikamwekea magamba kwenye kisahani, ajiridhishe. Naye alinipa mkate wao uliosukwa kama nywele, nami niliunusa kabla ya kuula. Ndivyo tulivyopendana, kwa kukaguana.

Mambo ya malezi ya Mariamu niliyapata hukohuko kufuliani, kidogokidogo, nguo zikizunguka. Mume wa jirani yangu alikufa mapema, akamlea mtoto peke yake kati ya watu wake, kule mjini kwenye sinagogi lao. Walimpokea mtoto, hakuna aliyemfukuza. Ila wanawake walikuwa hawaishi kumshika nywele. Na mmoja, mwenye elimu zake, alimvuta mama pembeni akamuuliza ana mpango wa kumwambia mtoto lini. "Kumwambia nini?" jirani yangu akanisimulia, akikunja mashuka. "Kwetu kulikuwa na kioo."

Wana sikukuu moja ambayo watoto hujigeuza sura, huyu malkia, yule askari. Mwaka mmoja Mariamu alikuwa na mafua, akapelekwa na gauni lake la kawaida. Mzee mmoja akamwinamia, akamsifu kwamba amejigeuza Mchina vizuri sana. Watu wakacheka kwa wema kabisa. Jirani yangu hakumjibu yule mzee. Alimshika mtoto mkono wakarudi nyumbani, na mwaka uliofuata alimshonea vazi la simba, lenye kichwa kizima, kimefunika uso wote mpaka shingoni.

Nilipolisikia hilo niliweka kikapu chini. Mama gani anamfunika mwanawe uso? Siku nyingine nikamuuliza Mariamu mwenyewe, tulipokutana kwenye ngazi. Alitabasamu. Akasema lile vazi lilikuwa na joto la kuua, na alikataa kulivua mpaka walipofika nyumbani. "Bibi, ndiyo sikukuu pekee ambayo hakuna aliyeniuliza kitu," akaniambia. Alikuwa akiniita Bibi tangu alipowasikia wajukuu zangu.

Basi tukakaa hivyo, mpaka redio zilipoanza kuzungumza habari za watoto walioletwa Uswidi kutoka Asia. Kwamba wengine walikuwa na mama zao hai, karatasi zimesema wameokotwa. Watu walizungumza kila mahali, kwenye treni, kwa daktari. Mimi nilingoja zamu yetu ya kufua. Kiswidi changu ni cha sokoni, hakina adabu za kuzungukazunguka. Nikamuuliza, "Ulimwiba?"

Alikuwa anapanga soksi. Hakukasirika. Alisema hakwenda huko Korea, hajawahi kufika. Mtoto aliletwa na ndege, kwenye uwanja wa ndege, mikononi mwa mwanamke aliyekuwa ameleta watoto kadhaa. Wazazi wapya wamejipanga kama watu wanaongoja mizigo yao. Akapewa mtoto na chupa ya maziwa. Walimwambia mama yake hajulikani.

"Nawe ukaamini?"

"Sikumwiba," alisema. "Lakini sikuuliza."

Akaendelea na soksi zake. Na baada ya muda, bila mimi kumsukuma, akanieleza neno moja tu la mama aliyemzaa yeye mwenyewe. Kwamba wakati wa vita vile vya Ulaya walikuja watu waliovaa vizuri, wenye kalamu, wakauliza nani wanakaa nyumba hii na majina yao ni yapi. Na mama yake, aliyekuwa msichana mdogo, akawajibu yote kwa ukweli kama alivyofundishwa. Wote aliowataja walichukuliwa wakauawa kwa Uyahudi wao, akabaki yeye tu. Basi nikaelewa kibao cha mlangoni na ile hirizi ya ndani. Lakini kuelewa si kuamini. Nilisema moyoni, mama wa Kikorea naye alikuwa na jina, na yeye hakuna aliyemuuliza.

Mwaka huo alipasuliwa nyonga. Ilipofika sikukuu yao ya mwaka mpya, majani yanapoanza kuwa mekundu, alitaka aende sinagogi. Mariamu akaniomba nisaidie kumshika upande mmoja. Kwa sheria yao siku ile hakutakiwa kupanda treni. Akapanda. Mimi nilivaa mtandio wangu mweupe, nikamwambia Saumu nikishindwa kurudi anitafute huko kwa Wayahudi.

Mlangoni kwao pana ulinzi, si mchezo, na siwalaumu, kwa maana wanaowatakia mabaya wapo. Palikuwa na kijana nadhifu mwenye waya sikioni. Jirani yangu alimtakia heri ya mwaka, naye kijana hakumuuliza lolote. Mimi alinipekua mkoba, akataka kujua ni nani, na jirani yangu akasema haraka, huyu ni mgeni wangu. Kijana akamgeukia Mariamu. Kwa upole, kwa ile adabu ya Waswidi inayokukata bila kutoa damu, akasema, "Wewe ni msaidizi wake, siyo? Wasaidizi wanaweza kungojea hapa. Kuna kiti."

Nikamtazama jirani yangu. Palikuwa na neno moja tu la kusema. Hata mtoto wa darasa la kwanza angelisema. Naye alikuwa amekaza macho kwenye mdomo wa yule kijana, midomo yake mwenyewe imefungwa.

Mariamu alimngoja mama yake. Nilimwona anavyongoja. Kisha akasema, "Ndiyo, mimi ndiye msaidizi." Akakaa kwenye kiti.

Tukaingia. Sikuelewa kitu katika sala ile, ila niliona jirani yangu akigeuka kutazama mlangoni kila alipofungua ukurasa. Tulipotoka, kiti kilikuwa kitupu. Nilimrudisha peke yangu, na njia nzima sikumsemesha.

Mariamu hakuja tena. Wiki zikapita. Jirani yangu alisimama kwenye roshani na koti lake, treni zikaingia na kutoka, ndani yake watu wengine. Mkongo wangu akanipigia simu: yule binti wa Kikorea amemwona kule kwao, anaendesha mstari mwekundu. Kumbe aliomba kuhamishwa, mstari unaoishia Norsborg, upande mwingine kabisa wa mji. Nilipompelekea jirani habari hiyo alikaa kwenye kiti cha jikoni taratibu, kama mtu anayekaa juu ya maji.

Nikamwambia nilichokuwa nacho rohoni. "Ungemwambia yule kijana, huyu ni binti yangu. Basi."

"Nilihofu ataniuliza, tangu lini?"

"Tangu lini ni swali gani hilo? Umemlea au hukumlea?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo, nawaambia kweli, sikulitegemea. Na nadhani halijatoka mdomoni mwake kabla ya siku ile. Kwa dini yao mtoto wa watu wengine haingii kwa kulelewa tu. Huzamishwa majini mbele ya wazee, na akitoka ni wao. Mariamu alizamishwa akiwa hata kutembea hajui. Lakini kwa kuwa mtoto mchanga hana hiari, wanamwachia haki yake. Msichana akifika miaka kumi na miwili anaambiwa, tulikuingiza bila kukuuliza, sasa umekuwa mkubwa, unakubali au unakataa? Akikataa anatoka, wala hana lawama. Wazee walimwambia siku ileile ya majini: usisahau kumuuliza.

"Na ulimuuliza?"

Akatikisa kichwa. Hata mwalimu wa dini aliyemfundisha mtoto, jirani yangu alimwomba asilitaje. Mariamu alifanyiwa sherehe yake ya kuwa mkubwa, akasoma mbele ya watu, watu wakalia, na hakujua kwamba alikuwa na mlango wa kutokea.

"Kwa nini?"

"Asiyeuliza hapati jibu baya."

"Wala zuri," nikamwambia.

Hapo nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu asiye wa damu yangu. Miaka yote nilishuku amemwibia mtoto mama yake. Kumbe alichomwibia ni hapana yake. Nikamuuliza sheria yao inasemaje kama mtoto hakuambiwa. Akasema wako wanaosema siku atakayoambiwa ndiyo itakuwa siku yake ya kujibu, hata akiwa na mvi.

"Basi siku yake bado ipo. Mwite."

"Akisema hapana?"

"Atakuwa amesema."

Hakumwita. Nilingoja, nikaona bado anaangalia treni kama mtu anayeangalia mvua. Basi nikavaa, nikaenda Norsborg mwenyewe. Kule mwisho wa njia dereva hutoka kichwa kimoja cha treni akatembea mpaka kichwa cha pili, ili arudi alikotoka. Nikakaa kwenye benchi, treni moja ikaja, ya pili, ya tatu, mpaka nikamwona anashuka na begi lake. Nikasimama njiani pake.

"Mariamu. Mama yako ana swali."

"Mama hana maswali, Bibi."

"Safari hii analo."

Alicheka, kicheko kisicho kizuri. Akasema treni haingoji. Nikasema nami sijaiomba treni. Akapita. Lakini Ijumaa ile, jua likikaribia kuzama, nilisikia hatua zake kwenye ngazi, na jirani yangu akanigongea mlango. Hakuthubutu peke yake.

Tulikaa watatu jikoni. Mishumaa ilikuwa imewashwa, mkate umefunikwa kitambaa. Mariamu hakuvua koti. Mama yake akamwambia yote, maji, wazee, mwalimu, yote, akimtazama machoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mtu. Mwisho akasema, "Nilipaswa kukuuliza ukiwa na miaka kumi na miwili. Nakuuliza leo. Unakubali kuwa wetu, au unakataa?"

Mariamu akauliza, "Na yule aliyenizaa? Naye hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Hata jina?"

"Hata jina."

Akainuka, akatoka. Jirani yangu alibaki ameshika meza. Nikafikiri, imekwisha.

Ijumaa iliyofuata akaja tena. Akasimama mlangoni na koti lake, akasema, "Niulize." Mama akauliza, neno kwa neno. Binti akasema, "Leo sina jibu. Niulize wiki ijayo." Ndipo akavua koti, akala. Na Ijumaa ya pili hivyo, na ya tatu hivyo. Zamu akazibadilisha ili ajaliwe kufika. Miezi ikaenda. Anakuja, anaulizwa, anasema bado, anakula.

Mimi, kama mnavyonijua sasa, nikaona hila. Nikamwambia jirani tukiwa kufuliani, huyu binti anakuchezea. Anajua jibu, anakuning'iniza. Anakuadhibu.

"Najua," alisema.

"Na unakubali?"

"Ili aniadhibu lazima aje."

Nikafunga mlango wa mashine.

Majuzi, baada ya kipupwe hiki kilichopita, nilikuwa nafungua mlango kwenda kutupa taka. Nikakuta mlango wa jirani uko wazi, na Mariamu amepiga goti kizingitini na bisibisi mkononi. Alikuwa anaing'oa ile hirizi. Skrubu ya juu alishaitoa, ilikuwa sakafuni. Jirani yangu alikuwa amekaa ndani kwenye kiti cha ukumbini, fimbo yake mapajani, uso umekuwa kama chokaa. Anatazama tu. Haulizi.

Nilijua ni nini, au nilidhani najua. Hilo ndilo jibu, nikasema. Hakutaka kulitamka, anaondoka na kikasha.

Skrubu ya pili ikatoka. Mariamu akashika kile kikasha kwenye kiganja chake, akakipuliza vumbi. Nikamtazama yule mama pale kitini, naye akanitazama, na akanyanyua kidevu kidogo kunielekea, kwamba mimi nimuulize.

"La," nikamwambia. "Muulize mwenyewe. Ni mwanao."

Akalamba midomo. Hii haikuwa Ijumaa, na wala hili halikuwa swali lile alilozoea kulirudia. Sauti ilitoka ndogo.

"Mariamu, unafanya nini?"

Mariamu hakugeuka. Alitoka nje ya mlango, akasimama kwenye ukumbi wa ngazi, mgongo wake kwangu, akakipima kile kikasha kwenye mwimo wa nje, usawa wa bega lake, akakilaza upandeupande.

"Nakiweka kinapokaa," akasema. "Nimechoka kukitafuta ndani. Bibi, nishikie hapa."

Nikaweka mfuko wa taka chini, nikashika. Akakaza skrubu zote mbili. Nilisikia fimbo tu ikianguka, hakuna aliyeiokota.

Jibu la maneno mpaka leo halijatoka. Ijumaa iliyopita nilisikia tena, niulize, na baada yake, bado. Huenda ni ndiyo, huenda binti ana lake jambo. Simwamini sana yeye pia, ana subira mno. Na kibao cha mlangoni bado kina jina la yule marehemu.

Ila kile kikasha sasa kiko nje, kinatazamana na mlango wangu, kila apandaye ngazi anakiona. Na wapandao ngazi si wote wema. Kwa hiyo kila asubuhi kabla sijachemsha chai nafungua, nakitazama: kama kimekwaruzwa, kama kuna aliyekiandikia upuuzi, kama skrubu zimelegea. Nikisikia nyayo nisizozijua nachungulia kwenye kitundu cha mlango mpaka zipite. Na zisipopita natoka, namuuliza mwenye nyayo anamtafuta nani.